Je, Wajua? Bwawa la Uani na Wakazi Wake

Je, wajua kwamba katika nyumba kongwe za mawe za Lamu samaki walikuwa na kazi chooni? Kwenye pembe ya chumba hicho palijengwa birika la maji ya kuogea, likapigwa lipu ya chokaa, na ndani yake wakawekwa samaki wadogo. Kazi yao ilikuwa kula viluwiluwi wa mbu. Fundi hakuishia hapo. Chini ya birika alizika bakuli la kauri la Kichina, ili siku birika linapokaushwa lisafishwe, samaki wabaki na maji ya kuwatosha hadi lijazwe tena.

Ronald Ross, daktari wa jeshi la Waingereza nchini India, aliona vimelea vya malaria tumboni mwa mbu tarehe 20 Agosti 1897. Waliobuni birika lile hawakuhitaji darubini yake. Walijua kwamba maji yaliyotulia yasiyo na wakazi huleta mbu, na kwamba dawa yake ni kuyatia wakazi.

Nimeanza na birika la Lamu kwa sababu kila anayetaka kuchimba bwawa uani huambiwa neno moja na jirani, na mwenzi wake, na mwenye nyumba: "Unatuletea mbu." Neno hilo si la kupuuzwa. Linastahili jibu.

Je, wajua kwamba Anopheles gambiae, mmoja wa mbu wabaya kuliko wote kwa malaria Afrika, hapendi bwawa? Anachokipenda ni unyayo wa ng'ombe uliojaa maji ya mvua, mkondo wa matairi kwenye njia ya udongo, shimo alimotoa udongo mfyatua tofali. Maji mapya, yenye jua, ambayo adui hajayafikia bado. Katika joto letu yai lake hufikia kuwa mbu anayeruka kwa muda wa siku 7 hadi 10 hivi, na dimbwi likikauka siku ya kumi na moja yeye amekwisha kwenda zake. Bwawa lenye samaki, vyura na wadudu wa majini ni mahali pa kifo kwa watoto wake. Kuna mbu ambao hata hutambua hatari hiyo kwa harufu: wanasayansi wameonyesha kwamba jike wa aina fulani hunusa maji kabla ya kutaga, na akihisi harufu ya mdudu mwogeleaji-chali anayekula viluwiluwi, huyaacha maji hayo akatafuta mengine.

Tusidanganyane, lakini. Yuko ndugu yake, Anopheles funestus, anayependa maji ya kudumu yenye majani kandokando. Huyo atakuja bwawani kwako ukiacha nyasi zianguke majini zifanye vichaka ambamo samaki hawapenyi. Kwa hiyo kingo za bwawa hufyekwa, na samaki huachiwa njia ya kufika hadi ukingoni. Yupo na wa tatu, wa jamii ya Mansonia, mwenye werevu wa ajabu: kiluwiluwi wake haji juu kuvuta hewa kama wenzake. Hutoboa mzizi wa mmea unaoelea, akavuta hewa iliyomo ndani ya mzizi huo, akakaa amejificha humo mpaka akue. Mimea anayoipenda ni gugu maji na kabichi-maji. Nitalirudia gugu maji baadaye, kwa sababu kisa chake na mabwawa ya bustani ni kisa cha kusikitisha.

Je, wajua kwamba moja ya picha za kale zinazojulikana sana za bwawa la bustani imejaa vitu tunavyovifahamu? Ilichorwa ukutani mwa kaburi la Nebamun, karani na mhasibu wa nafaka huko Thebes, Misri, yapata mwaka 1350 kabla ya Kristo, na sasa iko katika makumbusho ya British Museum jijini London. Bwawa ni mstatili. Ndani yake waogelea perege na bata, na yungiyungi zimechanua. Kandokando imesimama mitende na mikuyu. Mchoraji amelichora bwawa kana kwamba analitazama kutoka juu, na samaki na miti akaichora kutoka ubavuni, ili pasiwe na kitu kinachofichwa na kingine. Mkazi wa Ujiji au Kisumu akiiona leo hahitaji kuelezwa yule ni samaki gani.

Pwani yetu nayo ina ya kwake. Katika magofu ya Husuni Kubwa, kasri la masultani wa Kilwa Kisiwani lililojengwa mapema karne ya 14, lipo bwawa la kuogea la pembe nane lililochongwa kwa ustadi mkubwa. Na Maruhubi, kaskazini ya mji wa Zanzibar, ambako Sultan Barghash alijenga kasri lililoungua mwaka 1899, matangi ya maji yamebaki na yameota yungiyungi. Kasri limeisha, maua yapo.

Sasa tuchimbe.

Je, wajua kwamba kosa la kwanza la mchimbaji huonekana siku ya mwisho? Maji hayasemi uongo. Bwawa la mita 3 likiinama upande mmoja kwa sentimita 3 tu, upande wa pili utabaki na ukanda wa nailoni nyeusi uliokaa wazi milele, na hakuna pambo litakaloufuta. Mafundi wetu wana kifaa cha bei ndogo kuliko vyote: mpira mwembamba unaoonyesha, uliojazwa maji. Ncha moja hushikwa ukingo huu, ya pili ukingo ule, na maji ndani ya mpira husimama usawa mmoja pande zote mbili. Hakikisha usawa wa ukingo kabla ya kumwaga tone la saruji.

Hesabu nayo ni nyepesi. Chukua urefu, upana na kina kwa mita, uzidishe, kisha zidisha kwa 1,000 upate lita. Bwawa la mita 3 kwa 2 lenye kina cha sentimita 60 linabeba lita 3,600, yaani ndoo 180 za lita 20. Ukitaka nailoni ya kulitandika, chukua urefu, ongeza kina mara mbili, ongeza tena sentimita 60 za kukunjia kingoni. Fanya vivyo hivyo kwa upana. Kwa bwawa hilo utahitaji kipande cha mita 4.8 kwa 3.8. Kabla ya kutandika, okota mawe yote na mizizi, mwaga mchanga laini au tandika magunia na mazulia chakavu. Kijiwe kimoja chenye ncha, kikikandamizwa na uzito wa tani tatu na nusu za maji, hutoboa.

Usichimbe beseni tupu lenye kuta wima. Acha ngazi ya kina cha sentimita 20 hadi 30 upande mmoja, kwa ajili ya mimea ya ukingoni na kwa ajili ya chochote kitakachotumbukia: chura, ndege, kifaranga cha kuku, paka wa jirani. Wote hao wanahitaji mahali pa kupandia. Na usilichimbe chini ya mwembe. Majani yake yataoza humo mwaka mzima, na mizizi itatafuta maji hadi iyapate.

Je, wajua kwamba bwawa linaweza kushika maji bila nailoni wala saruji? Udongo wa mfinyanzi ukiloweshwa na kukanyagwa sana, matundu yake ya hewa huzibana na maji hayapiti tena. Hivyo ndivyo James Brindley na wenzake walivyozuia mifereji ya Uingereza isivuje katika karne ya 18: walikanda udongo wakautandaza tabaka kwa tabaka. Malambo mengi ya wafugaji hushika maji kwa kanuni hiyo hiyo, maana kwato za ng'ombe wanaokuja kunywa zinalikanda tope kila siku bila malipo. Tahadhari ni moja tu. Udongo huo ukikauka hupasuka, na ukipasuka kazi huanza upya.

Saruji ina tabia yake. Bwawa jipya la saruji hutoa chokaa majini kwa wiki kadhaa, na maji hayo huwa makali kiasi cha kuunguza mashavu ya samaki. Lijaze, liache wiki, limwage; rudia mara tatu. Wapo wanaolisugua kwa siki kati ya mjazo mmoja na mwingine, na inasaidia. Mtu akikuuzia samaki siku ileile fundi alipoondoka, mwambie asubiri.

Kuna jambo linalowatia watu wengi wasiwasi bure: bwawa linapungua, basi wanadhani linavuja. Kiangazi, jua na upepo vinaweza kunywa milimita 5 za maji kwa siku. Kwa bwawa letu la mita 3 kwa 2 hiyo ni lita 30, ndoo moja na nusu kila siku ya Mungu. Kujua kama ni jua au ni ufa, jaza ndoo maji, iweke juu ya ile ngazi ndani ya bwawa, tia alama ya usawa wa maji ndani ya ndoo na nje yake. Baada ya siku mbili linganisha. Vikipungua sawasawa, mwizi ni jua. Bwawa likipungua zaidi ya ndoo, tafuta tundu.

Je, wajua kwamba samaki wa bwawani hufa alfajiri? Hili ndilo ningependa kila mwenye bwawa alijue kabla ya jingine lolote. Lita moja ya maji yenye nyuzi 20 za joto inaweza kubeba miligramu 9 hivi za oksijeni. Yakifika nyuzi 30 hubeba saba na nusu tu. Yaani kadiri maji yanavyopata joto ndivyo hewa inavyopungua, na ndivyo samaki anavyoihitaji zaidi. Mchana mimea na algi, vile vimea vidogo vinavyoyafanya maji yawe kijani, hutengeneza oksijeni kwa nguvu za jua. Usiku jua halipo, na mimea hiyohiyo inavuta oksijeni kama samaki, kama konokono, kama kila kinachooza chini. Bwawa zima linavuta kutoka mfuko mmoja usiotiwa kitu. Mfuko huo unakaribia kuisha kati ya saa kumi na saa kumi na mbili alfajiri.

Ukitoka wakati huo ukawakuta samaki wamepanga midomo juu ya maji wakihema, wanakuambia. Jua likipanda wanashuka, na mwenye nyumba anayeamka saa mbili haoni kitu, mpaka siku anapowakuta wanaelea. Ndipo husema wamerogwa, au maji yametiwa sumu. Wafugaji wa samaki wazoefu hulikagua bwawa kabla ya chai, na wana haki. Dawa ni kupunguza samaki, kupunguza chakula, kuondoa majani yanayooza, na kuyapiga maji hewa: pampu inayoyarusha, au ndoo inayoyateka na kuyamwaga kutoka juu kwa dharura. Na hapa nasema wazi, kwa sababu nimeona kosa hili mara nyingi majumbani na hotelini: watu huwasha chemchemi mchana ili wageni waione, usiku wanaizima kuokoa umeme. Kama umeme wako ni wa saa chache tu, fanya kinyume. Izime mchana, iwashe usiku.

Je, wajua kwamba kuliosha bwawa vizuri sana ni njia ya haraka ya kuliua? Samaki hutoa amonia, nyingi yake ikipitia mashavuni, na amonia ni sumu kwake mwenyewe. Katika bwawa lililokomaa hadhuriki, kwa kuwa kuna bakteria wanaoigeuza kuwa nitriti, na wengine wanaoigeuza nitriti, ambayo nayo ni sumu, kuwa nitrati, ambayo mimea huifurahia kama mbolea. Mwanasayansi Mrusi Sergei Winogradsky ndiye aliyethibitisha, yapata mwaka 1890, kwamba viumbe hao wanaishi kwa nguvu wanazozipata katika ugeuzaji huo. Makazi yao ni ule utelezi juu ya mawe, juu ya nailoni, kwenye mizizi, ndani ya sifongo la chujio.

Sasa fikiria mtu mwenye bidii. Jumamosi anamwaga maji yote, anasugua mawe kwa brashi na sabuni hadi yang'ae, anasuuza sifongo chini ya bomba, anajaza maji mapya yenye klorini. Bwawa linapendeza kuliko wakati wowote. Ifikapo Jumatano samaki wamekufa, naye haelewi, maana amefanya kila alichoweza. Kwa kusugua ule utelezi amewaua wafanyakazi wote wa bwawa kwa siku moja, na kuwapata wengine huchukua wiki 4 hadi 6. Ndiyo maana bwawa jipya huanza na samaki wawili watatu, si ishirini. Ndiyo maana sifongo husuuzwa ndani ya ndoo ya maji yaliyotekwa humohumo bwawani. Na ndiyo maana maji hubadilishwa robo kwa mara moja, si zaidi, kwa maji ya mvua au maji ya bomba yaliyokaa wazi juani siku moja au mbili hadi klorini itoke. Chakula kiwe kile ambacho samaki wanakimaliza ndani ya dakika tano. Kinachobaki hakiliwi na mtu, kinaoza.

Bwawa hai halina maji kama ya glasi. Lina maji yanayokuruhusu uone samaki, na mawe yanayoteleza. Hilo ndilo safi.

Je, wajua kwamba perege jike huatamia kinywani? Akishataga, huyakusanya mayai mdomoni na kukaa nayo humo, bila kula, hadi yaanguliwe. Na vifaranga wakishaanza kuogelea, hatari ikitokea hukimbilia kinywani mwa mama yao. Kumwona ni furaha kubwa, hasa kwa watoto. Lakini ulezi mzuri hivyo una gharama: watoto wengi wanapona, huzaa wakiwa bado wadogo, na baada ya mwaka bwawa linajaa perege wa kidole wasiokua. Wafugaji huzuia hilo kwa kuweka vifaranga dume watupu, au kwa kumtia kambale awapunguze. Tena dume la perege huchimba kiota chini, na yungiyungi zako zitang'oka. Ukimtaka perege, mfuge kwa ajili ya sahani, katika bwawa lake.

Wengine hupenda koi. Wakulima wa mpunga katika milima ya Niigata, Japani, walikuwa wakifuga samaki aina ya kapu kwa chakula, na mapema karne ya 19 wakaanza kuwatenga waliozaliwa na mabaka ya rangi. Maonyesho ya Tokyo ya mwaka 1914 ndiyo yaliyowatangaza nchi nzima. Mwaka 2018 koi mmoja aliuzwa mnadani kwa yeni milioni 203. Ni samaki mzuri na anaishi miaka mingi, lakini hukua mkubwa, hula mimea, huchafua sana, na huhitaji bwawa la kina kirefu lenye chujio la nguvu. Kwa ua wa kawaida simpendekezi.

Afrika Mashariki tunaye samaki ambaye dunia inatuonea wivu, nasi wenyewe wengi hatumjui. Unguja ndiko nyumbani kwa Nothobranchius guentheri, mdogo kuliko kidole cha mkono, dume lake lina mkia mwekundu na magamba ya samawati. Huishi katika vidimbwi vya mvua vinavyokauka. Maji yakiisha, wote hufa. Mayai yao hubaki ndani ya tope kavu, yakiwa hai, yamesimamisha ukuaji wao, hadi mvua ya msimu unaofuata. Ndugu yake wa Msumbiji na Zimbabwe, Nothobranchius furzeri, huweza kukomaa na kutaga siku 14 tu baada ya kuanguliwa. Hakuna mnyama mwingine mwenye uti wa mgongo anayejulikana kukomaa upesi hivyo. Maabara nyingi duniani humfuga ili kuchunguza kuzeeka. Vidimbwi vyao porini vinafukiwa kila siku, kwa sababu kwa macho ya mwenye tingatinga ni tope tu.

Je, wajua kwamba yungiyungi ndogo kuliko zote duniani ni ya Rwanda? Nymphaea thermarum iligunduliwa mwaka 1987 na mtaalamu Mjerumani Eberhard Fischer kando ya chemchemi ya maji moto huko Mashyuza, kusini-magharibi mwa nchi. Jani lake linaweza kuwa na upana wa sentimita moja. Maji ya chemchemi yalipoelekezwa kwingine, mmea ukatoweka mahali pake. Mwaka 2008 ukahesabika umekwisha porini. Mbegu chache zilikuwa zimehifadhiwa Ujerumani. Katika bustani ya Kew, London, Carlos Magdalena alijaribu kuziotesha chini ya maji kama yungiyungi nyingine, miche ikawa inakufa. Hatimaye alitambua kwamba hii haitaki kuzama. Inataka tope lenye maji, huku majani yakigusa hewa. Ikachanua Novemba 2009. Januari 2014 mtu aliiba mche mmoja hapohapo Kew, katika nyumba ya vioo. Na mwaka 2023 ikaonekana tena Rwanda, hai, porini.

Zanzibar nayo imeipa dunia yungiyungi ya buluu inayoitwa kwa jina lake, na damu yake imo katika aina nyingi za bustani zinazouzwa hadi leo. Uzuri si faida yake pekee. Majani ya yungiyungi yakifunika nusu hadi theluthi mbili ya uso wa maji, jua halifiki chini, algi hazipati nguvu, na maji hubaki na ubaridi. Ipande ndani ya kikapu au ndoo iliyotobolewa, kwa udongo mzito usio na samadi mbichi, kisha funika kwa kokoto ili samaki wasiutifue.

Claude Monet, mchoraji wa Kifaransa, alinunua kiwanja cha kuchimbia bwawa lake huko Giverny mwaka 1893. Majirani walipinga; waliogopa mimea yake migeni itatia sumu maji ya mto wanayonywesha mifugo. Alipata kibali, akaajiri mtunza bwawa, na bwawa hilo akalichora katika picha zipatazo 250. Majirani wale tumezoea kuwacheka. Mimi siwacheki, kwa sababu ya gugu maji.

Gugu maji lina maua ya zambarau yanayopendeza kweli. Asili yake ni bonde la Amazon, na lilizungushwa duniani na watu waliolipenda kwa mabwawa ya bustani zao. Katika maji yenye rutuba linaweza kuongezeka maradufu kwa muda wa wiki mbili hivi. Mwishoni mwa miaka ya 1980 lilikuwa limeingia Ziwa Victoria, na Mto Kagera umeendelea kulileta. Miaka ya 1990 liliziba bandari, likanasa mitumbwi, likafunga njia za wavuvi, likaharibu mitambo ya maji. Wadudu wadogo wa jamii ya Neochetina, fukusi wanaolila gugu hilo tu, waliachiwa ziwani na wakasaidia sana, lakini halijaisha. Kwa hiyo ombi langu ni zito: usilipande, hata kwenye karai. Na samaki au mmea wa bwawani usioutaka tena usiutupe mtoni wala mtaroni. Mmea uchome au uufukie mbali na maji; samaki mpe mwenye bwawa.

Yamebaki mawili yasiyo ya kupendeza. Mtoto mdogo anaweza kuzama katika maji ya kina cha sentimita chache, kimya, bila kelele. Kama nyumbani kuna mtoto wa chini ya miaka mitano, au wa jirani hupita, weka uzio, au tandaza wavu mgumu wa chuma sentimita chache chini ya uso wa maji. Mimea itapenya na mtoto atazuiwa. Kama huwezi lolote kati ya hayo, subiri akue. Bwawa halina haraka.

La pili ni kichocho. Mdudu wake hupitia ndani ya konokono wa maji baridi, lakini konokono hazaliwi naye: humpata kutokana na mkojo au kinyesi cha binadamu mgonjwa. Bwawa ambalo hakuna anayekojoa wala kuogea humo haliwezi kuanzisha kichocho. Hatari ni maji yaliyokwisha kuambukizwa kwingine; lisijazwe kwa maji ya mfereji wa shamba, basi.

Je, wajua, mwisho, ni nani atakayekuja bila kualikwa? Chura atakuja usiku wa mvua ya kwanza. Yangeyange na mdiria watakuja kuhesabu samaki wako. Lakini mgeni ninayemngoja mimi ni kereng'ende wa dhahabu, Pantala flavescens. Mwaka 2009 mtaalamu wa viumbe Charles Anderson, aliyeishi Maldives, alieleza kwamba makundi ya kereng'ende yanayotokea visiwani humo kila Oktoba hutoka India na kuelekea Afrika Mashariki, wakivuka Bahari ya Hindi juu ya upepo uleule wa kaskazi ulioleta majahazi. Watoto wao na wajukuu hurudi upande wa pili pepo zikigeuka, safari ya kilomita zipatazo 14,000 hadi 18,000 kwa vizazi kadhaa. Kisha hutaga katika maji yaliyotulia, na mabuu wao, wenye taya linalofyatuka kama mkono, huishi kwa kula viluwiluwi wa mbu.

Kaskazi ya mwaka huu ikianza kuvuma, kaa kando ya bwawa lako alasiri. Ukimwona mmoja anagusisha ncha ya mkia majini, anainuka, anagusisha tena, mwache. Anataga.